Nani Ameshika Kifaa?

Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yao, polepole, kama mtu mnene anayejishusha kwenye kochi, kisha chuma kikagusana na chuma. Inspekta hakugeuka. Alikuwa ameshaambiwa kwamba utajifunga. Ambalo hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyelitarajia, ni kwamba utagoma kufunguka.

Kituoni walimwita Kijiko, kwa kuwa popote alipoingia alikoroga. Jina la kwenye kitambulisho lilitumika siku ya mshahara tu. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mazoea ya kuwatania watu hadi wasahau kwamba wanahojiwa, na maisha yalikuwa yamempiga vibao vya kutosha kumfundisha kwamba mtu anaweza kucheka nawe na bado akakudanganya. Kabla hajavuka kizingiti alikuwa amemtumia ujumbe mhasibu wa kituo, akangoja jibu, akasoma neno moja, "Imeingia," akaitia simu mfukoni. Sasa alipoitoa tena kuangalia saa aliona mtandao umekata.

"Usijisumbue, afande," alisema Mkwe. "Humu simu ni tochi tu. Marehemu aliweka chuma pande zote, mpaka darini. Hata mbu akiingia lazima aage kwao."

Mkwe alikuwa mume wa binti wa mwisho wa nyumba hiyo. Alikuwa na duka la simu lenye maneno mengi kuliko bidhaa.

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la vipuri vya magari. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu za majalada, meza, kiti kimoja, tundu la hewa lenye ukubwa wa sahani, na kompyuta ndogo yenye waya wake wa mtandao, iliyokazwa ukutani kwa bolti kama vile nayo ni mshukiwa. Kiti walimpa Mama, mjane wa marehemu. Shingoni Mama alining'iniza kamba nyeusi, na kwenye kamba kifaa kidogo kama kiberiti cha gesi, chenye skrini ya ukubwa wa ukucha na vitufe viwili. Kaka, mtoto wake wa kwanza, ambaye nyumba nzima na ghala zima walimwita hivyo hivyo Kaka, alisimama karibu na kompyuta katika koti la kazi lililopigwa pasi. Na kando ya mlango alisimama Fundi, mwanamke kijana wa kuajiriwa aliyeandika programu yote ya humo ndani, mikono mbele, imefungwa pingu.

"Samahani kwa bangili," Kijiko alimwambia. "Si chaguo langu, ni kanuni. Mimi ningekuchagulia rangi nyingine."

Fundi hakucheka. Alikuwa na mtoto anayenyonya, amemwacha kwa mama mkwe wake tangu walipokuja kumchukua alfajiri, na blauzi yake ilikuwa imeanza kulowa kifuani. Mama aliona. Alivua mtandio wake, akamtupia begani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu hakuwaamini watu, wala makufuli. Akiba yake yote aliigeuza sarafu za mtandaoni, na ufunguo wa sarafu hizo ukakaa ndani ya kile kifaa, mahali ambapo hata kompyuta haiwezi kuufikia. Alimwajiri Fundi amwandikie ukurasa wa kuzungumza nacho. Unachomeka waya, ukurasa unaomba, kifaa kinaonyesha kwenye skrini yake kile kilichoombwa, mwenye kifaa anabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, basi. Asipobonyeza, hakuna kinachotoka. Mzee alipendezwa mno hata akataka mlango wa chumba hiki nao ukitii hicho hicho. Kuingia, unabonyeza kwenye kompyuta ya nje. Kutoka, unabonyeza kwenye hii ya ndani. "Mwizi akiingia, atoke kwa ruhusa yangu," alikuwa akisema, huku anacheka peke yake.

Muda mfupi baada ya kuzikwa, sarafu zote zilihama kwenda anwani isiyojulikana. Kifaa hakikuwahi kutoka shingoni kwa Mama, na Mama aliapa kwamba hajawahi kukibonyeza ila kwa ajili ya mlango. Polisi wakafunga chumba, wakamtafuta mwandishi wa programu. Alasiri ya leo mwendesha mashtaka angempeleka mahakamani, na kutoka hapo rumande. Kijiko alikabidhiwa jalada asubuhi ile, na bosi wake akamwambia kama ana la kuongeza aongeze kabla ya saa nane. Aliomba kitu kimoja tu: watu wote waliokuwa wakiingia chumba hiki waje na kile kifaa, waingie naye.

"Haya, mmenionyesha tunavyoingia," alisema. "Mama, sasa nionyeshe tunavyotoka."

Mama akachomeka kifaa kwenye waya wa kompyuta. Kwenye skrini kubwa kulikuwa na ukurasa mmoja mweupe wenye kitufe kimoja: FUNGUA. Akakigusa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha maandishi mekundu yakatokea.

*Kifaa kinatumika kwingine.*

Akagusa tena. Yakatokea tena.

"Nini hiki?" Kaka akauliza.

"Ni ujumbe wangu," Fundi akasema. "Niliuandika mimi. Ila sijawahi kuuona ukitokea humu. Haupaswi kutokea humu."

"Chomoa uchomeke," Mkwe akaamuru, kama anavyowaambia wateja wake siku nzima.

Mama akachomoa, akachomeka. Ukurasa ukapepesa. Wote wakavuta pumzi. *Kifaa kinatumika kwingine.*

"Zima mashine, iwashe."

Kijiko akaizima yeye mwenyewe. Wakangoja mbele ya skrini nyeusi, nyuso zao zimejipanga humo kama picha ya familia ambayo hakuna ambaye angeitundika ukutani. Ikawaka. Ukurasa mweupe, kitufe kimoja, kiduara. Maandishi mekundu.

"Na tukikata umeme kabisa?"

"Mlango unabaki umefungwa," Fundi akasema. "Nilimshauri vinginevyo. Akaniambia si mimi niliyekuwa nikiibiwa."

Kijiko akaupiga mlango kwa kiganja. "Konstebo!"

Sauti ndogo ikajibu, kama inatoka ndani ya mtungi: "Nipo, afande!"

"Tumekwama! Lete watu wa kukata chuma!"

"Afande uliniambia hata nikisikia mnauana nisijali!"

"Sasa nakuambia ujali!"

"Ulisema pia utanijaribu kwa kunipa amri ya uongo!"

Mkwe aliangua kicheko, kikakatika katikati. Kijiko alifumba macho. Kweli alisema hivyo. Alipenda sana utani wake asubuhi ile.

Alijifuta jasho, akageuka. Watu watano, taa moja, hewa ya kugawana. Pembeni ya skrini saa ilikuwa inakaribia saa saba.

"Fundi," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyefeli hesabu. Hutakuwa mbali na ukweli."

"Kifaa hiki ni kama kiti cha kinyozi," Fundi akasema. "Kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Ukurasa wangu ukitaka kuongea nacho, kwanza unakikalia. Ukimaliza, unanyanyuka. Sasa hivi kuna mwingine amekaa, ameshafungwa kitambaa shingoni, na hanyanyuki."

"Mwingine nani?"

"Programu nyingine. Ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Mimi niliacha humo ukurasa mmoja tu."

"Na tulipochomoa, mbona ukurasa wako haukuwahi kiti?"

"Ukurasa wa mtandao hauruhusiwi kugusa kifaa mpaka mtu aubonyeze kwa mkono wake. Ndivyo vilivyotengenezwa vivinjari, hizi programu zinazofungua kurasa, kwa usalama. Hiyo nyingine haimngoji mtu. Waya ukiingia tu, imeshakaa."

"Basi iondoe."

"Siwezi kuifikia. Unachokiona ni ukurasa tu. Kwenda nyuma ya ukurasa kunahitaji paswedi ya msimamizi, na Mzee aliibadilisha siku niliyomkabidhi kazi. Aliniambia nigeukie ukuta."

Mkwe alipiga makofi, taratibu. "Mmesikia? Ujumbe kaandika yeye. Mlango kaupanga yeye. Sasa tumefungiwa ndani ya kazi ya mikono yake, na anatuambia kuna mgeni asiyeonekana. Afande, mimi nauza simu. Nikiuza simu mbovu simwambii mteja ina jini."

"Umesema vizuri mpaka nimekuogopa," Kijiko akasema. "Na wewe mwenye duka la simu, kompyuta hii uliwahi kuigusa?"

"Mimi?"

"Yule aliyevaa shati lako."

Mkwe akalegeza kola. "Niliigusa. Mara moja. Baba mkwe aliniita, skrini ilikuwa na giza, nikaipandisha mwanga. Mbele yake! Alinisimamia kama naomba mkopo."

"Hukumwambia polisi yeyote."

"Hakuna aliyeniuliza. Na mkwe katika nyumba hii akijipeleka mwenyewe polisi, si ataambiwa ni yeye?"

"Maneno ya kweli hayo," Mama akasema kwa upole. Kaka naye akamtazama shemeji yake, kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu.

"Hukuniambia hilo, shemeji," alisema.

"Wewe unaniambia yako?"

"Mimi yangu iko wazi. Mimi ni mtu wa vyuma. Kompyuta kwangu ni televisheni isiyo na mpira." Kaka aligeukia Kijiko. "Afande, simtetei wala simshtaki mtu. Ila mnajua nani anaelewa mashine hapa. Wawili. Mmoja mmeshamfunga."

Kijiko aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa zawadi. Alizunguka meza. Chumba kilikuwa kidogo hata kuzunguka kwenyewe kulikuwa kupishana matumbo.

"Kaka, wewe ulikuja kituoni mara tatu kuomba chumba hiki kifunguliwe."

"Hati za nyumba ya mama zimo humu. Nitaendaje ofisi ya ardhi bila hati?"

"Ni kweli. Ziko wapi?"

"Rafuni."

"Rafu ipi?"

Kaka alinyoosha kidole bila kutazama. Kijiko akafuata kidole, akakuta jalada la bluu, HATI, herufi kubwa, limejaa vumbi. Alilishusha, akaliweka mezani mbele ya Kaka. Kaka hakulifungua. Tangu waingie alikuwa hajatoka kando ya kompyuta.

Kijiko aliinama kwa Mama.

"Mama, naomba nikione."

Kifaa kilikuwa bado kwenye waya. Mama alikiinua kadiri kamba ilivyoruhusu, na Kijiko akasogeza uso. Skrini ndogo ilikuwa inawaka. Haikuandikwa FUNGUA MLANGO. Ilikuwa imejaa herufi na tarakimu zilizobanana, mistari juu ya mistari, kama mtu aliyeanguka juu ya kibodi. Chini yake, alama mbili ndogo zilizopepesa: kubali, kataa.

Basi Kijiko alielewa, na kitu cha kwanza alichokielewa ni kwamba yeye ndiye aliyewafungia.

Ile "Imeingia" ya mhasibu ilikuwa chambo. Alikuwa amemwomba aingize sarafu kidogo kwenye akaunti ya marehemu, sehemu ya mshahara wa Kijiko mwenyewe kwa sababu kituo hakina bajeti ya mawazo ya Kijiko. Alitaka kuona ni nani angezifuata, kesho au keshokutwa, akiwa amejikalia ofisini na chai yake. Hakufikiri kwamba kinachozifuata kimo humu ndani, macho wazi, kinangoja tu waya uchomekwe na akaunti iwe na kitu. Kimeona kitu. Kimekaa kwenye kiti. Kinaomba. Na kitaendelea kuomba mpaka mtu ajibu.

Alikifunika kifaa kwa kiganja chake.

"Fundi. Programu inayoshika kiti namna hii, inangoja nini?"

"Inangoja jibu. Imekiomba kifaa kitu, na mwenye kifaa hajajibu."

"Akikataa?"

"Kama imeandikwa na mtu mbishi, itaomba tena."

"Na akiku..." Kijiko aliinua kidole kabla Fundi hajafungua mdomo. "Hapana. Hilo usilijibu. Mtu yeyote asilijibu."

Alinyooka, akawapa tabasamu lake la kuuzia maembe mabichi.

"Haya ndugu zangu. Mimi nimeshindwa. Nimesomea wezi wa kuku. Kila mmoja anipe wazo lake, tutoke, yule binti akamnyonyeshe mtoto au akalale rumande, vyovyote itakavyokuwa, lakini tutoke. Kifaa kinaonyesha maandishi marefu ambayo mimi siyaelewi. Tufanye nini? Mkwe."

"Vunja kompyuta," Mkwe akasema papo hapo.

"Mlango?"

"Angalau tutakuwa tumelipiza."

"Asante. Fundi?"

Fundi alikuwa ameukunja mtandio kifuani kwa mikono yake iliyofungwa. Alitazama saa ya kwenye skrini, kisha kiganja cha Kijiko kilichofunika kifaa.

"Maandishi marefu," alisema. "Yasiyosomeka?"

"Hata kidogo."

"Basi asibonyeze. Chochote kile. Mtu yeyote asiguse vitufe. Piga mlango mpaka yule askari wako akuamini, walete msumeno, hata ikifika usiku."

"Saa nane jalada lako linaondoka."

"Najua."

"Nikiwa humu ndani, siwezi kulizuia."

"Najua, afande! Nimesema asibonyeze!"

Sauti yake iligonga chuma, ikarudi. Mama alimshika kiwiko.

"Kaka?"

Kaka alikuwa anapumua kwa mdomo. Koti lilikuwa limemgandia mgongoni. "Mama yangu ana umri," alisema. "Chumba hiki hakina hewa. Mnazungumza misumeno mpaka usiku mbele ya mtu mzima wa miaka sabini. Kama kifaa kinauliza, kijibiwe. Mama abonyeze."

"Maandishi haya tusiyoyajua?"

"Yatakuwa ni ya mitambo tu, nani anayasoma? Abonyeze hayo, halafu likija la mlango abonyeze tena. Tutoke."

Kijiko hakusogea. Alisikia tundu la hewa likivuma.

"Likija la mlango," alirudia, taratibu, kama anaonja mchuzi. "Kwa hiyo litakuja?"

"Si ndiyo kawaida?"

"Mimi sijasema. Fundi sijamruhusu kusema. Mkwe anataka kuvunja mashine. Wewe mtu wa vyuma, televisheni bila mpira, umejuaje kwamba akishabonyeza haya marefu mgeni atanyanyuka kitini na ukurasa wa mlango utapata zamu?"

"Siku zote kinauliza mara mbili," Kaka akasema.

"Hapana," akasema Mama.

Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akimwacha Kaka mwisho.

"Kinauliza mara moja. Mimi ndiye ninayekibonyeza, mimi ndiye najua. Miwani nimezoea kuiacha nyumbani, siyasomi, lakini nayaona. Maneno ya mlango ni mstari mmoja mfupi. Mara mbili kimeniuliza siku moja tu." Aliinua kidole gumba, akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Siku tuliyokuja wewe na mimi kutafuta kadi yangu ya hospitali. Skrini ilijaa. Nikakuuliza, mwanangu, mbona leo yamekuwa mengi? Ukaniambia bonyeza tu, mama, kitauliza tena."

Mkwe, ambaye maneno hayajawahi kumkosa, alitafuta pa kuweka mikono yake.

"Mama," Kaka akasema, "umechoka. Unachanganya siku."

"Nachanganya siku. Sauti yako siichanganyi."

Kaka aliruka. Kwa mtu mkubwa alikuwa mwepesi, alishamfikia mama yake na vidole vyake viko juu ya vitufe kabla Mkwe hajamaliza kusema "Oya!" Lakini kamba ilikuwa fupi na shingo iliyoivaa ilikuwa ya mama yake, na ili kukivuta ilimbidi amwinamie uso kwa uso.

"Bonyeza," Kijiko akamwambia, bila kupandisha sauti. "Usiogope. Humo ndani kuna mshahara wangu, nimeuweka asubuhi hii. Ukibonyeza utaruka kwenda kule kule zilikokwenda zile nyingine, na mimi nitaufuata, maana mshahara wangu nautafuta hata ukiwa wa siku mbili. Mhasibu yuko kwenye kompyuta yake sasa hivi anangoja kuona unatua kwa nani."

Vidole vya Kaka vilibaki juu ya vitufe.

"Au usibonyeze. Tukae. Hewa ni ya bure, ingawa ni kidogo. Au nenda pale kwenye kibodi, uandike ile paswedi ambayo baba yako alikupa wewe, maana bila hiyo mgeni asingeingia humu, umnyanyue mgeni wako kitini. Hizo ndizo njia zako, Kaka. Nimezihesabu mara mbili, nikitafuta moja ambayo haina mimi mwishoni."

Kaka alinyanyuka. Aliutazama mlango, rafu, tundu la hewa lenye ukubwa wa sahani. Alikuwa mrefu kuliko wote humo ndani, na hapakuwa na upande hata mmoja ambao angeweza kunyoosha mkono bila kugusa chuma au mtu wa kwao.

"Niliuziwa tu," alisema hatimaye. "Hiyo programu. Mimi niliiweka, siku aliyolazwa Baba. Nilitaka kuja kuitoa, mkanifungia chumba." Akamgeukia mama yake. "Ghala hili aliniachia jina tu. Kila kitu kingine akakutundika wewe shingoni. Nimefanya kazi humu tangu ndevu hazijaota."

"Ungeniomba," Mama akasema.

"Mimi? Nikuombe?"

Mama alimwonyesha kibodi kwa kidevu.

Kaka akaenda kwenye kibodi. Fundi alimwelekeza vitufe vya kubonyeza ili ukurasa upishe, na kisanduku cha paswedi kikatokea. Aliandika kwa vidole viwili, akiikinga skrini kwa mwili wake, kwa mazoea ya watoto wa baba yule. Ukurasa mweupe ukakunjamana ukaondoka. Nyuma yake kulikuwa na orodha fupi.

"Huu ni wangu," Fundi akasema, akionyesha kwa pingu zote mbili. "Na hii siijui." Alifungua ile nyingine, akasogea ili Kijiko aone. Katikati ya msitu wa maandishi kulikuwa na anwani moja ndefu. Kijiko aliilinganisha na iliyokuwa kwenye jalada la kesi alilokuja nalo, herufi kwa herufi, akinong'ona kama mtoto anayejifunza kusoma, kisha akaipiga picha.

"Mwondoe," alisema.

Fundi akabonyeza. Skrini ndogo ya kwenye kifaa ikafa, mistari yake yote ikaenda. Akaurudisha ukurasa mweupe.

Kijiko akatoa ufunguo mfukoni, akamfungua Fundi pingu. Hakuzitia mfukoni. Alimtazama Kaka, na Kaka akatoa mikono yake mbele, taratibu, macho kwenye sakafu. Chuma kikalia tena, mara mbili.

"Sasa, Mama," Kijiko akasema. Utani ulikuwa umemwishia. "Tunakuomba."

Mama aligusa FUNGUA. Kiduara kikazunguka kidogo tu, kikapotea. Kifaa kikawaka kwenye kiganja chake. Alikisogeza karibu na uso, akakipeleka mbali, akakirudisha.

"Binti," alisema. "Nisomee."

Fundi akainama, mtandio bado kifuani. "Kinasema, Fungua mlango."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Mstari mmoja."

Mama akaweka vidole gumba juu ya vitufe viwili. Nje ya mlango, sauti ya konstebo iliuliza kwa mbali kama afande ana uhakika. Saa ya kwenye skrini ilikuwa bado haijafika saa nane.

"Mama," Kaka akasema. "Ngoja kwanza."

Alingoja. Alimtazama mwanawe: koti lililopigwa pasi, pingu, jalada la hati za nyumba yake ambalo hakuwa amelifungua.

"Siku ile," Mama akasema, "hukuniambia ningoje."

Akabonyeza.